Kona ya Mwalimu: Je, gunzi la mahindi linaweza kuwa betri?

Mwezi uliopita niliahidi kwamba tutaendelea na somo la kuchuja maji ya kunywa. Mnisamehe, somo hilo litangoja kidogo. Kuna jambo limeingia katika mabloki yetu, na watu wananisimamisha njiani, kanisani, hata kwenye foleni ya bomba, wote na swali moja: "Mwalimu, hii habari ya magunzi ni kweli ama ni uongo?"

Kwa wale ambao habari haijawafikia, nieleze kidogo. Baada ya mavuno alipita mtu katika bloki tatu za upande wetu. Si mkazi wa hapa. Alikuwa na simu yenye video inayoonyesha watu waliovaa makoti meupe wakitia magunzi katika tanuru la umeme. Yanatoka meusi, yanasagwa, ule unga unapakwa juu ya karatasi nyembamba ya chuma, karatasi inakunjwa ndani ya betri, na mwisho taa inawaka. Mtu huyo akasema kuna wanunuzi watakuja na lori, na kila gunia la magunzi watalipa shilingi 20,000, lakini lazima familia iandikishwe kwanza kwa shilingi 5,000. Akaandika majina kwenye daftari, akapokea pesa, akaenda.

Siku hizi mgawo umepungua, na shilingi 5,000 si pesa ya kuchezea. Lakini si pesa tu iliyonifanya niandike.

Nina mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, msichana, mzuri sana katika hesabu. Katika siku 10 za shule alikosa siku 4. Nikaenda nyumbani kwao kuuliza. Nikakuta ndani, pale watoto wanapolala, kumepangwa magunia sita ya magunzi mpaka karibu na paa. Mama yake msimu wote alikuwa akipikia magunzi hayo hayo na yalikuwa yanatosha. Tangu yule mtu apite ameacha kuyachoma, anayatunza, na amerudi kutafuta kuni mbali, kule ambako kila mama anajua hatari yake. Kwa sababu hawezi kwenda peke yake, binti anamsindikiza. Nilipoanza kuuliza kuhusu shule, mama akanikatiza: "Mwalimu, usimulaumu mutoto. Hii magunzi tunaichunga, iko betri."

Sikucheka, na wala sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Maana ile video nimeiangalia mwenyewe mara mbili, na ile video haidanganyi. Magunzi kweli yanaweza kuwekwa ndani ya betri. Kama yote yangekuwa uongo kazi yangu ingekuwa rahisi: ningeandika mistari miwili na kuendelea na somo la maji. Hapa ukweli na uongo vimefungwa katika mzigo mmoja, kwa hiyo tufungue kamba polepole.

Tuanze na kitu ambacho kila nyumba inakijua: mawe ya redio. Wenyeji wetu Waganda wanayaita amanda, na neno hilo hilo amanda kwao ni mkaa, makala kama tunavyosema sisi wa Kongo. Sijui nani alianza kuyaita hivyo, lakini hakukosea. Ukipasua jiwe la redio la aina ya kawaida utakuta katikati kijiti cheusi. Kijiti hicho ni kaboni, ndugu yake mkaa. Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri yenye kaboni na zinki mwaka 1866, ila ilikuwa chombo chenye maji ndani, huwezi kukibeba mfukoni. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner akapata njia ya kuifanya kavu, na mawe ya tochi yametokana na hiyo. Kaboni iliwekwa mle kwa sababu mbili: inapitisha umeme, na haili kutu kama chuma.

(Hapa niseme kitu kwa wazazi. Ule unga mweusi unaozunguka kijiti si mkaa mtupu, una madini ya manganizi pia. Najua shule nyingi za vijijini zimepakia ubao unga huo, hata mimi nimesoma mbele ya ubao wa namna hiyo. Lakini vumbi lake si zuri kwa mapafu, na watoto wasiuchezee. Na betri yoyote isitupwe motoni, hasa ya simu, inalipuka.)

Kwa hiyo kaboni kukaa ndani ya betri si jambo geni. Kilicho kipya ni kwamba watu wa sayansi wanaitafuta kaboni hiyo katika takataka za shamba: vifuu vya nazi, maganda ya mpunga, maganda ya mise ya mchikichi, unga wa mbao, na magunzi pia. Na kazi yake si kupitisha umeme tu, bali kuushika.

Mti, gunzi, jani, vyote vimejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Katika mti mkavu karibu nusu ya uzito ni kaboni. Ukiuchoma mahali penye hewa, kaboni inashikana na oksijeni ya hewani na kupaa, unabaki na jivu. Lakini ukiupa moto huku umeunyima hewa, maji yanatoka, moshi unatoka, lami inatoka, na kaboni inabaki imesimama pale pale ilipokuwa. Wazee waliotoka Masisi na Rutshuru hawahitaji kufundishwa na mimi. Wanajua tanuru la udongo, wanajua moshi ukibadilika rangi maana yake nini, na wanajua kwamba tundu moja likifunguka usiku, asubuhi utakuta jivu badala ya makala.

Sasa angalieni kipande cha mkaa kwa karibu. Kina vitundu, vile vile vilivyokuwa njia za maji mti ulipokuwa hai. Katika viwanda wanachukua mkaa huo, wanaupitishia mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 800 mpaka 1,000, au wanautia dawa kali kwanza kisha wanauchoma tena. Mvuke unakula kaboni kidogo kidogo na kuchimba vitundu vingine ndani ya vitundu, vidogo mno, hata hadubini yetu ya shule haiwezi kuviona. Mkaa wa namna hiyo ukikunjua kuta zote za vitundu vyake, gramu moja tu inatoa eneo la mita za mraba 1,000 au zaidi. Tukafanya hesabu darasani: uwanja mkubwa wa mpira ni kama mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Basi gramu 7 hivi, kijiko kimoja cha mezani, zina ukubwa wa uwanja mzima. Wanafunzi walikataa. Ilibidi tukunje karatasi kubwa ya ukutani mpaka iingie katika kiganja ndipo wakanyamaza.

Ukuta mwingi namna hiyo una faida gani? Vitu vinanata juu yake. Katika vita kuu ya kwanza, mwaka 1918, Wamarekani waliombwa wakusanye kokwa za matunda ya pichi na maganda ya karanga ngumu ili yachomwe kuwa mkaa wa kuwekwa katika vinyago vya askari, uzuie gesi ya sumu. Migodi ya dhahabu inatumia mkaa wa vifuu vya nazi kunasa dhahabu iliyoyeyushwa katika maji ya dawa. Na umeme pia unaweza kunaswa hivyo.

Kuna kifaa kinaitwa kapasita. Chukua karatasi mbili zilizopakwa mkaa huo, weka kati yake karatasi nyembamba inayozuia zisigusane, lowesha kwa maji yenye chumvi za namna fulani. Ukiunga umeme, chembe za chumvi zenye chaji ya upande mmoja zinakimbilia mkaa wa huku, na za upande wa pili zinakimbilia mkaa wa kule, zinanata kwenye kuta za vitundu. Ukiondoa umeme zinabaki zimenata. Ukiunga taa zinaachia, na taa inawaka. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliandikisha kifaa cha mkaa cha namna hii mwaka 1957, na Wajapani wa NEC wakaanza kukiuza mwaka 1978. Vifuu vya nazi ndiyo malighafi inayopendwa katika kazi hii, na kampuni ya Kuraray ya Japani inatengeneza mkaa wa vifuu kwa ajili ya kapasita. Huko Shanghai, China, tangu mwaka 2006 kumekuwa na mabasi ya kapasita: basi linafika kituoni, linachajiwa wakati abiria wanapanda na kushuka, linaondoka kwenda kituo kinachofuata.

Ubaya wake ni kwamba kapasita inajaa upesi na kwisha upesi. Mimi huwaeleza wanafunzi kwa mfano wa wageni. Kuna wageni wa barazani na wageni wa kulala. Wa barazani wanafika, wanakaa, wanasalimia, wanaondoka, hakuna usumbufu, hata wakija mara laki moja nyumba haiharibiki, ila baraza halichukui watu wengi. Hiyo ndiyo kapasita. Wageni wa kulala wanaingia ndani na mizigo yao. Wanachukua muda kuingia na kutoka, na baada ya miaka mlango unalegea, lakini nyumba inabeba wengi. Hiyo ndiyo betri ya simu.

Kwa wageni wa kulala wanahitaji mkaa wa aina nyingine. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991 na ambazo wataalamu watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuzianzisha, siku hizi upande mmoja zina grafiti, ile nyeusi ya penseli. Grafiti imepangwa kama kurasa za daftari, na lithiamu inalala katikati ya kurasa. Sasa kuna betri mpya za sodiamu. Sodiamu ni ile iliyomo katika chumvi ya mboga, hata chumvi ya Katwe inayo. Ni rahisi na iko kila mahali, lakini katika kurasa za grafiti haitulii. Inataka mkaa ambao kurasa zake zimekunjamana ovyo, kama karatasi uliyoifinyanga ukaitupa, na kati ya mikunjo kuna nafasi. Mkaa huo unaitwa mkaa mgumu. Unapatikana kwa kuchoma vifuu, mabaki ya mbao, au magunzi, bila hewa, kwenye joto la nyuzi 1,000 mpaka 1,400. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri yake ya sodiamu, na mwaka huo huo Stora Enso walifungua kiwanda cha majaribio huko Kotka, Finland, cha kutengeneza mkaa mgumu kutokana na mabaki ya kiwanda cha karatasi.

Basi mpaka hapo yule mtu wa simu hajasema uongo.

Kijana mmoja wa sekondari aliniuliza, na swali lake lilinichoma: "Kama betri zitatengenezwa kwa magunzi na chumvi, watatuachia madini yetu na tutarudi nyumbani?" Nilimjibu ninavyoamini. Kobalti ya Lualaba inaingia katika betri nyingi za lithiamu, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Betri za sodiamu zinaweza kutengenezwa bila kobalti. Lakini koltani ya kwetu Kivu haikuwa ya kazi hiyo, inakwenda katika vipuli vidogo vya ndani ya simu na kompyuta, na dhahabu inatafutwa kwa sababu ni dhahabu. Sikutaka kumdanganya.

Turudi kwenye magunia. Kwa nini nasema lori halitakuja?

Kwanza, uzito. Gunia la magunzi ni kubwa kwa macho lakini ni hewa tupu. Ukichoma kilo 100 za magunzi makavu unapata mkaa kama robo tu, kilo 25 hivi, na mkaa huo ukiutia mvuke wa kiwandani unapungua tena sana. Nani atalipa shilingi 20,000 kwa gunia, alipe na mafuta ya lori katika barabara yetu hii, ili abaki na ndoo ya unga? Viwanda vinakaa mahali ambapo takataka imeshajirundika yenyewe: kwenye kiwanda cha karatasi, kwenye mashine za mpunga, au Ufilipino, Indonesia na Sri Lanka ambako vifuu vya nazi ni milima.

Pili, gunzi lina vitu vingine ndani, potasiamu na silika, vinavyobaki kama jivu. Ndani ya betri ni uchafu. Lazima mkaa uoshwe kwa asidi na maji safi mengi kabla ya kutumika.

Tatu, joto. Hili sikutaka kulisema kwa mdomo tu, tukalijaribu shuleni. Nilichukua betri mbili za tochi, waya, na kitaa kidogo chekundu nilichokitoa katika redio iliyokufa. Ukigusanisha ncha za waya kinawaka. Tukaweka kati ya ncha kijiti cheusi cha jiwe la redio: kikawaka vizuri. Tukaweka kipande cha mkaa wa gunzi tuliotengeneza wenyewe katika kopo lililofunikwa: giza. Tukaweka kipande cha makala ya sokoni: giza. Wanafunzi wakaanza kucheka, wakasema mwalimu ameshindwa. Kisha nikachukua kipande cha tatu, ambacho nilikipepea katika jiko mpaka kikawa chekundu kabisa, nikakiacha hivyo muda mrefu, nikakizima kwa mchanga mkavu. (Si kwa maji. Ukizima kwa maji, maji yenyewe yanapitisha umeme kidogo na utajidanganya.) Kitaa kikawaka, hafifu, lakini kikawaka, na msichana wa mbele akapiga kelele.

Ina maana mkaa wa moto mdogo haupitishi umeme, ule wa moto mkali unaanza kupitisha. Na jiko letu likipepewa sana linakaribia tu pale ambapo kiwanda kinaanzia, tena bila kuzuia hewa sawasawa. Mkaa mgumu wa betri hautengenezwi katika bloki.

Kuna walioniambia wameona betri ya mkaa, maji ya chumvi na karatasi ya alumini. Hiyo ipo, tumeifanya pia. Unasaga mkaa, unalowesha kitambaa kwa maji ya chumvi, unaweka kitambaa juu ya alumini na mkaa juu ya kitambaa. Moja haikufika volti 1 kwenye mita ya fundi redio. Tulipounga tatu kwa mstari, kitaa chekundu kikawaka kidogo. Ni somo zuri kwa watoto, lakini haihifadhi umeme. Inakula alumini, na alumini ikitoboka imekwisha. Hakuna mtu atachaji simu kwa hiyo, na tafadhali msitoboe sufuria.

Sasa magunzi tuyafanyeje? Jibu langu kwa mama yule na kwa wengine wote ni hili: yachomeni, mpikie. Gunzi kavu ni kuni nzuri na haliwatoi nyumbani. Wenye pipa la lita 200 wanaweza kutengeneza mkaa wake. Njia hii mwalimu mmoja wa chuo cha MIT Marekani, Amy Smith, na wanafunzi wake waliiendeleza Haiti kwa makapi ya miwa, kwa sababu kule miti ilikuwa imekwisha. Toboa matundu chini ya pipa, liweke juu ya mawe, jaza magunzi makavu, washa. Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito. Ukianza kuwa mwepesi, funika juu kwa bati, ondoa mawe pipa likae chini, na ziba pembeni pote kwa udongo. Subiri saa mbili au zaidi, usichungulie. Ukichelewa kuziba utapata jivu, mimi mara ya kwanza nilipata jivu pipa zima na jirani bado ananitania. Mkaa wa magunzi unaweza kuutumia hivyo hivyo ulivyo. Ule uliovunjika, na makapi mengine, ndiyo unaosagwa, ukachanganywa na uji wa unga wa muhogo, ukafinyangwa na kuanikwa juani.

Nawaomba jambo moja, na hapa nasema kwa ukali. Mkaa wa aina yoyote, wa mti au wa gunzi, usiuache ukiwaka ndani mlimofunga mlango na watoto wamelala, hata kama usiku ni baridi na hauna moshi. Unatoa hewa isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, inayoua mtu usingizini kabla hajajua. Jiko likae nje.

Kuhusu yule mtu, mwenyekiti wa bloki yetu amehesabu familia 43 zilizotoa pesa. Taarifa imepelekwa kunakohusika. Mpaka naandika ukurasa huu hakuna aliyerudishiwa, na namba ya simu aliyoacha haipatikani. Akija tena, yeye au mwingine mwenye video nyingine, mwambieni alipe kwanza gunia moja, pesa mkononi, halafu ndiyo muongee habari ya kuandikishwa. Na niiteni.

Mama yule nilirudi kwake Jumapili baada ya ibada, nikiwa na kitaa changu chekundu mfukoni. Nilimwonyesha vipande vitatu kama nilivyowaonyesha watoto. Aliangalia, akanyamaza kidogo, akauliza kama shilingi zake 5,000 zitarudi. Nikamwambia sijui, mama. Akachukua gunia la kwanza akalitoa nje, karibu na jiko. Jumatatu binti alikuwa darasani.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa mchana, nitarudia jaribio lile shuleni kwa wazazi wanaotaka kuona kwa macho. Njooni na kipande chochote cha mkaa wa nyumbani kwenu tukipime. Somo la maji litakuja katika toleo lijalo, na mkaa tutaukuta humo pia, maana tutauchujia maji.

Mwalimu wenu wa kujitolea, Sayansi na Hesabu